Port Wentworth: sukari ilivyolipua kiwanda cha sukari

Jioni ya tarehe 7 Februari 2008, yapata saa moja na robo, kiwanda cha kusafisha sukari cha kampuni ya Imperial Sugar kililipuka. Kiwanda hicho kiko Port Wentworth, ukingoni mwa mto Savannah, jimbo la Georgia, Marekani. Hakukuwa na tangi la gesi lililopasuka, wala bomba la mafuta, wala kemikali yenye jina la kuuma ulimi. Kilicholipuka ni sukari, ileile ya kwenye chai.

Watu 14 walikufa na 36 wakajeruhiwa, wengi kwa kuungua vibaya. Wanane walifia kiwandani. Kati yao wanne walinaswa chini ya vifusi na sakafu zilizoporomoka, na wawili walikuwa wameshatoka salama, wakarudi ndani kuwatafuta wenzao. Sita wengine walifia katika hospitali ya majeraha ya moto mjini Augusta, wa mwisho wao miezi sita baada ya ajali. Moto wa majengo ulidhibitiwa, lakini sukari iliyokuwa ndani ya vihenge iliendelea kuungua kwa zaidi ya wiki.

Ukitaja ajali ya kiwandani kwetu, mawazo ya watu hukimbilia boila, asidi, umeme na mikanda inayokata vidole. Vumbi huonekana kuwa suala la kifua na kikohozi, tatizo la kuvalia barakoa. Ndiyo maana kisa hiki kinanifaa kuliko vingine vingi vyenye majina makubwa zaidi. Nchi zetu zinasaga mahindi na ngano, zinakamua miwa, zinachana mbao, na viwanda vya kusaga vinazidi kuwa vikubwa na vya kufungwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, inayojulikana kwa kifupi CSB, ilitoa ripoti yake Septemba 2009, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa ni mambo iliyoyathibitisha. Hukumu ni zangu.

Kiwanda chenyewe

Kiwanda kilianza kazi mwaka 1917. Imperial Sugar, iliyokuwa na makao yake Texas katika mji unaoitwa Sugar Land, ilikinunua pamoja na kampuni mama yake mwaka 1997. Sukari ikishasafishwa na kukaushwa ilihifadhiwa katika vihenge vitatu virefu vya zege, kila kimoja na urefu wa kama mita 32. Kuvizunguka vihenge hivyo yalisimama majengo ya kufungashia ya ghorofa kadhaa. Sukari ilitoka chini ya vihenge, ikasafiri kwa mikanda, ikapandishwa na elevata za ndoo, ikasukumwa na skrubu ndefu zinazozunguka ndani ya mabomba, mpaka kwenye mashine za kujaza mifuko na paketi. Sehemu yake ilipitia vinu vya kusagia sukari laini, ile ya kupambia keki.

Kila mahali sukari inapodondoka kutoka mashine moja kwenda nyingine, chembe husuguana na kuvunjika, na vumbi hutoka. Hilo halina mjadala; fundi yeyote wa kinu anajua. Swali ni vumbi hilo linaenda wapi. Port Wentworth lilikuwa linaenda sakafuni, juu ya mashine, juu ya mabomba, juu ya nyaya, na juu ya boriti ambazo hakuna anayezitazama. Mitambo ya kuvuta vumbi ilikuwepo. Ilipopimwa muda mfupi kabla ya ajali ilionekana kuwa midogo kuliko kazi iliyopewa, na baadhi ya mabomba yake yalikuwa yamezibwa na vumbi lilelile yaliyowekwa kulivuta.

Mambo haya hayakuwa siri. Mkuu mpya wa uendeshaji wa kampuni, Graham H. Graham, aliyeajiriwa mwishoni mwa 2007, aliieleza kamati ya Seneti Julai 2008 jinsi alivyoshtushwa na uchafu na hatari alivyovikuta alipokitembelea kiwanda. Na nyuma zaidi, CSB ilikuta barua za ndani za mwaka 1967 ambamo wasimamizi wa kiwanda hichohicho waliandikiana kuhusu hofu ya vumbi la sukari kulipuka. Tasnia ya sukari kwa jumla ilikuwa inalijua jambo hili tangu mwaka 1925. Yaani maarifa yalikuwepo miaka zaidi ya themanini. Anayesema ajali hii ilisababishwa na kutojua, hajasoma hata kurasa za mwanzo za ripoti.

Sukari inalipukaje

Sukari ya kawaida kijikoni ukiitia kiberiti itayeyuka, itageuka kahawia, na kwa shida sana itashika moto. Tofauti inaletwa na ukubwa wa chembe. Gogo la mkaratusi halishiki kwa njiti moja, lakini maranda yake yanashika, na unga wa msumeno ukirushwa juu ya mwali unawaka wote kwa mpigo. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo eneo linaloguswa na hewa linavyoongezeka kwa uzito uleule, na moto unapita kutoka chembe hadi chembe kabla hujapepesa jicho.

Lakini rundo la vumbi lililotulia chini halilipuki. Linaweza kufuka moshi taratibu kwa saa nyingi. Ili lilipuke linahitaji mambo matano yakutane: vumbi lenyewe, hewa, chanzo cha joto, vumbi kuwa limetimka na kutawanyika hewani kwa kiasi cha kutosha, na mahali palipofungwa ambapo mgandamizo hauna pa kutokea. Ukiondoa moja tu, mlipuko haupo. Hewa huwezi kuiondoa kiwandani. Chanzo cha joto unaweza kukipunguza, lakini usijidanganye kwamba utakimaliza, kwa sababu penye mashine zinazozunguka kuna beringi zitakazokauka grisi. Yanayobaki mkononi mwako kwa uhakika ni vumbi na mahali lilipofungiwa.

Kiasi kinachotosha ndicho kinachowashangaza watu. Chukua chumba cha mita kumi kwa kumi, chenye dari ya mita tatu. Sambaza juu ya sakafu vumbi la unene wa milimita moja, yaani ule unene ambao bado unaona alama za vigae chini yake. Hiyo ni sehemu ya kumi ya mita ya ujazo, na kwa uzito wa kawaida wa sukari laini ni kama kilo sitini. Likitimka lote, kila mita ya ujazo ya hewa ya chumba itabeba gramu 200. Vumbi la aina nyingi za vyakula huhitaji makumi ya gramu tu, au zaidi kidogo ya mia, ili liweze kulipuka. Milimita moja imezidi. Ndiyo maana viwango vya zimamoto vya Marekani vilichukulia unene wa kama milimita 0.8 kuwa dalili ya hatari, unene wa waya wa kibanio cha karatasi.

Nimeona watu wazima wenye vyeti wakicheka wakielezwa hivyo. Wape karatasi na kalamu wapige hesabu wenyewe, hawacheki tena.

Mkanda uliofunikwa

Chini ya vihenge viwili kati ya vile vitatu kulikuwa na handaki, na ndani ya handaki ulipita mkanda wa chuma uliopokea sukari. Kwa miaka mingi mkanda huo ulikuwa wazi. Vumbi lililotoka lilisambaa katika handaki zima, ambalo lilikuwa kubwa kiasi kwamba hewa ndani yake haikufikia kiwango cha kulipuka.

Mwaka 2007 kampuni iliufunika mkanda kwa paneli za chuma kisichoshika kutu. Nia ilikuwa njema, na hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi: walitaka kuilinda sukari isidondokewe na uchafu. Ni chakula cha watu. Mkaguzi yeyote wa ubora wa chakula angesifu. Ila ndani ya lile boksi jipya refu hawakuweka mfumo wa kuvuta vumbi, wala paneli dhaifu za kufunguka mgandamizo ukipanda. Nafasi kubwa iliyokuwa inalipunguza makali vumbi ikageuka nafasi ndogo ya kulikusanya. Kati ya yale mambo matano, mawili yaliongezwa kwa siku moja ya kufunga skrubu, na hakuna aliyeulizwa.

Kisha kikaja kitu kidogo cha kila siku. Sukari ikikaa kwenye kihenge hugandamana, na mabonge huziba tundu la kutokea. Wafanyakazi walizoea kuyavunja kwa fimbo za chuma. CSB iliona kwamba, kwa uwezekano mkubwa, mabonge yaliziba njia chini ya kihenge, sukari ikafurika na kumwagika juu ya mkanda unaoendelea kwenda, vumbi likajaa ndani ya kifuniko mpaka likafikia kiwango cha kulipuka. Kilichowasha kinaaminika kuwa beringi iliyopata moto kupita kiasi. Kabla ya 2007 mabonge yaliziba vilevile, na beringi zilipata moto vilevile, na hakuna aliyekufa.

Nikikutana na wahandisi wa viwanda vidogo ninawauliza swali moja tu kuhusu hili: ukibadilisha mtambo kwa ajili ya ubora, au kwa ajili ya kasi, au kwa sababu mteja amelalamika, nani mwingine anaitazama michoro kabla fundi hajaanza kuchomelea? Mara nyingi jibu ni jina la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyetoa wazo.

Mlipuko wa pili ndio uliobomoa

Mlipuko wa ndani ya mkanda ulikuwa wa kwanza, na peke yake ungeweza kuwa ajali ya handaki. Ungeumiza, labda ungeua waliokuwa karibu. Lakini wimbi la mgandamizo lilitoka handakini likaingia majengo ya kufungashia, likazitikisa kuta, sakafu na boriti, na vumbi lililokaa juu kwa miezi likashuka hewani kama wingu. Nyuma ya wimbi ukafuata mwali. Wingu likashika, likalipuka, likatikisa chumba kinachofuata, vumbi la chumba hicho likashuka, nalo likashika. Ukaenda hivyo chumba kwa chumba, ghorofa kwa ghorofa. Sakafu za zege zenye unene wa zaidi ya sentimita saba ziliinuka na kupinda. Kuta za matofali zilirushwa. Mabomba ya maji ya zimamoto yalikatika, kwa hiyo vinyunyizio vya darini, vilivyokuwepo na vilivyogharimu fedha, havikutoa chochote.

CSB ilitamka waziwazi kwamba milipuko hii ya pili isingetarajiwa kama kampuni ingezitunza mashine zisimwage sukari na kuondoa vumbi kila linapojikusanya. Kwa maneno mengine, beringi na kifuniko cha mkanda vinaeleza kwa nini palilipuka. Watu 14 wanaelezwa na ufagio.

Nao ufagio wenyewe una somo lake. Wafanyakazi walikuwa wanasafisha. Si kwamba walikaa tu. Mojawapo ya njia zao ilikuwa kupuliza kwa upepo wa kompresa. Unajua inavyofanyika, maana ndivyo inavyofanyika kila karakana na kila kinu kuanzia Mwanza hadi Mombasa: unachukua mpira wa upepo, unapuliza mashine, mashine inang'aa, msimamizi anaridhika. Vumbi limeenda wapi? Limepanda juu ya boriti. Limetoka mahali ambapo jicho linaliona, likahamia mahali ambapo halionekani na ambapo kuanguka kwake ni rahisi zaidi. Na wakati wa kupuliza, kwa dakika chache, umetengeneza kwa mkono wako lile wingu ambalo mlipuko unalihitaji, huku mota zikizunguka. Kama ningeambiwa niondoe kifaa kimoja tu katika kinu cha unga, ningeanza na mpira huo.

Badala yake ni mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa ajili ya vumbi linaloweza kulipuka. Ile ya kufyonzea zulia la hotelini haifai, kwa sababu mota yake hutoa cheche katikati ya mkondo wa vumbi. Kama hakuna fedha ya kununua, fagio laini, kitambaa chenye unyevunyevu pale panapofaa, na koleo lisilogongana na chuma, vikitumika taratibu, ni bora mara kumi kuliko upepo. Kupuliza kuruhusiwe pale tu ambapo vumbi jingi limeshaondolewa, mashine zimezimwa na hakuna moto karibu. Na anayesafisha apewe ngazi na muda wa kufika juu, kwa sababu juu ndiko kuna kazi.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi kwenye mafunzo ya kuzima moto. Vumbi lililorundikana likianza kufuka moshi, ukilielekezea mtungi wa gesi wenye nguvu au mpira wa maji uliofunguliwa wote, unalitimua. Mtu anayedhani anazima moto anakuwa amelirusha vumbi hewani pembeni ya kaa linalowaka. Maji ya manyunyu laini, kutoka mbali, baada ya kuondoa watu, ndiyo njia.

Dalili zilizozoeleka

Siku kama kumi kabla ya tarehe 7 Februari kulikuwa na mlipuko mdogo katika mtambo wa kuvuta vumbi uliokuwa juu ya paa. Mtambo huo ulikuwa na paneli za kufungukia, zikafunguka, mlipuko ukatoka nje, hakuna aliyeumia. Kwa upande mmoja ni ushahidi kwamba paneli zinafanya kazi; ndizo hasa zilizokosekana kwenye mkanda. Kwa upande mwingine ulikuwa ujumbe uliotumwa kwa maandishi makubwa: vumbi la humu ndani linalipuka, na vyanzo vya kuliwasha vipo.

Huko nyuma pia kulikuwa na mioto midogo midogo, beringi zilizopata moto, vifaa vya umeme vilivyounguza sukari kidogo. Yote ilizimwa. Na kila moto uliozimwa bila madhara uliongeza imani kwamba mioto ya pale ni ya kuzimika. Hivi ndivyo hatari inavyozeeka kiwandani mpaka inakuwa sehemu ya fanicha. Mgeni anaingia anashtuka. Mwenyeji anamwambia, hapa tumekaa miaka ishirini. Kukaa miaka ishirini kunathibitisha tu kwamba yale mambo matano hayajakutana bado.

Ningependa kuwa mkweli kuhusu wasimamizi wa pale. Hawakuwa wamejificha ofisini mbali na hatari waliyoiacha. Mkurugenzi mkuu wa kampuni, John Sheptor, alikuwa ndani ya kiwanda jioni ile na alinusurika. Mtu haachi bomu chini ya miguu yake kwa makusudi. Waliacha kwa sababu hawakuliona kama bomu, ingawa walilikanyaga na kulifuta kwenye viatu.

Kutoka nje

Hakukuwa na king'ora cha kuwaamuru watu watoke. Tahadhari ilitegemea redio za mkononi, kipaza sauti cha ndani, au mtu kumfuata mwenzake. Mazoezi ya kuondoka kwa dharura hayakuwa yanafanyika. Taa zilipozimika na moshi kujaa, watu walitafuta ngazi kwa kukumbuka, wakiparamia vifusi, katika majengo ambayo mpangilio wake ulikuwa umebadilika ndani ya sekunde chache. Wafanyakazi wa mikataba na wa zamu ya usiku ndio huumia zaidi katika hali kama hiyo popote duniani, kwa sababu wanajua njia moja tu: waliyoingilia.

Kuhusu wale wawili waliorudi ndani sina la kuwalaumu. Mahali penye sehemu ya kukusanyikia inayojulikana, na mtu mwenye orodha ya majina ya zamu mkononi, swali la "yuko wapi fulani" hujibiwa nje, kwa dakika, na wenye vifaa vya kuokolea ndio huingia. Mahali pasipo na orodha, swali hilo linajibiwa na mwenye moyo.

Sheria iliyochelewa

Marekani ina wakala wake wa usalama kazini uitwao OSHA. Watanzania wasichanganye na OSHA yetu, jina limefanana tu. Wakala huo ulipendekeza faini ya zaidi ya dola milioni 8.7 kwa viwanda viwili vya kampuni hiyo, kile cha Port Wentworth na kingine cha Gramercy, Louisiana, ambako wakaguzi walienda wiki chache baada ya mlipuko wakakuta vumbi limerundikana vilevile. Hilo la Gramercy linanishinda kulielewa. Wenzao 14 wamekufa au wanakufa, sababu inatangazwa redioni, na vumbi bado lipo. Mwaka 2010 pande mbili zilikubaliana dola milioni 6.05. Mwaka 2013 waendesha mashtaka wa serikali walitangaza kwamba hakutakuwa na kesi ya jinai.

Kinachouma zaidi ni kwamba onyo lilishatolewa kitaifa. Mwaka 2003 pekee milipuko mitatu ya vumbi ilitokea Marekani: North Carolina walikufa 6 katika kiwanda cha vifaa vya dawa, Kentucky walikufa 7 katika kiwanda cha kuhami sauti, na Indiana alikufa 1 katika kiwanda cha magurudumu ya alumini. CSB ikafanya utafiti, ikahesabu moto na milipuko ya vumbi 281 kati ya 1980 na 2005, iliyoua watu 119 na kujeruhi 718. Mwaka 2006 ikaishauri OSHA itunge kanuni maalumu ya vumbi linalolipuka kwa viwanda vyote. Miezi kama kumi na tano baadaye Port Wentworth ikalipuka, kanuni ikiwa bado ni ushauri.

Kanuni ya namna hiyo ilikuwa imeshaonyesha inavyofaa. Desemba 1977 ghala la nafaka la Westwego, Louisiana, lililipuka likaua watu 36, na matukio ya mwezi huo ndiyo yaliyosukuma kanuni ya maghala na vinu vya nafaka iliyotolewa mwishoni mwa 1987, inayodai vumbi liondolewe na beringi zifuatiliwe. Vifo katika tasnia hiyo vilipungua. Lakini kanuni hiyo inahusu nafaka. Sukari si nafaka, kwa hiyo kiwanda cha sukari hakikuguswa. Vumbi lenyewe halikujua tofauti hiyo. Baada ya Port Wentworth, OSHA ilianza mchakato wa kanuni ya jumla mwaka 2009, na mwaka 2017 ikauondoa mezani.

Tukirudi kwenye vinu vyetu

Mashine ya kusaga ya mtaani, kibanda chenye milango miwili wazi na kuta za mabati, haina hatari ileile. Mgandamizo una pa kutokea, na unga mwingi unaingia gunia moja kwa moja. Hapo fundi ana sababu ya kuhofia zaidi mkanda usio na kinga na umeme uliofungwa kienyeji. Hatari ya aina ya Port Wentworth inaanza pale mfanyabiashara anapopanda daraja: jengo la ghorofa, elevata za ndoo, vihenge vya kisasa, chumba cha kufungashia chenye madirisha yaliyofungwa ili mkaguzi wa chakula aridhike. Vivyo hivyo kwa karakana kubwa za mbao zenye mabomba ya kuvuta unga wa msumeno, na kwa viwanda vya chakula cha mifugo, ambavyo huwa vichafu kuliko vyote na hakuna anayejali kwa kuwa mlaji ni kuku.

Ukiingia kiwanda cha hivyo kama mkaguzi, au mjumbe wa kamati ya usalama, usianze na ofisi. Omba ngazi. Panda mpaka usawa wa boriti na taa, pitisha kidole. Kisha gusa, kwa kifaa cha kupimia joto na si kwa mkono, nyumba za beringi za elevata na za mikanda, hasa zilizo chini ambako grisi hufika kwa shida. Uliza mara ya mwisho mkanda wa elevata ulipopinda na kusugua ukuta ni lini. Tazama kama mashine ya kuchomelea inatumika wakati kinu kinasaga, na kama kibali cha kuchomelea kinasainiwa kabla au baada ya kazi. Mwisho ndipo uombe daftari la usafi, na ulilinganishe na kidole chako.

Nasema hivyo kwa sababu ya kisa kingine, safari hii cha mahindi. Usiku wa tarehe 31 Mei 2017, kinu cha Didion Milling huko Cambria, jimbo la Wisconsin, kililipuka kwa vumbi la mahindi. Wafanyakazi 5 walikufa na 14 walijeruhiwa. Kinu cha mahindi kiko chini ya ile kanuni ya nafaka, kwa hiyo daftari la usafi lilikuwepo, likiwa na safu zake, tarehe zake na saini zake. Mwaka 2023 kampuni ilikiri mahakamani kwamba daftari hilo lilikuwa limeghushiwa, usafi ukiandikwa kuwa umefanyika wakati haukufanyika, na ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 10 kwa waathirika pamoja na faini ya dola milioni 1. Mwaka huohuo baraza la mahakama liliwatia hatiani wasimamizi wake wawili.